Punje Zilizoanguka Chini ya Bambo

Juzi kijana mmoja wa hapa kwetu Msambweni alikuja kunionyesha mahindi aliyonunua, magunia thelathini. Alifungua gunia lililokuwa juu kabisa, akachota kiganja, akanimiminia mkononi na kusema, "Ona babu, yote safi." Nikamuuliza yote yapi. Akacheka, akidhani ni utani wa kizee. Sikuwa na utani wowote. Ilinibidi nitafute pa kukaa. Nina miaka themanini na ushei, mengi niliyoyaogopa ujanani yamenitoka, lakini kiganja kimoja cha mahindi mazuri bado kinanitia hofu.

Basi nawaandikia nyinyi mnaofanya kazi za ghala siku hizi, na nyinyi wengine ambao kazi yenu ni kutazama kidogo na kusema kikubwa kikoje. Mtanivumilia nikirukaruka, kwa kuwa mambo haya hayaniji kwa mpangilio.

Kazi yangu ilikuwa kutoboa magunia. Usicheke, ilikuwa kazi ya heshima na ilikuwa na chombo chake. Bambo ni chuma chembamba chenye ncha na mfereji katikati, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Unalichoma guniani mfereji ukitazama chini, ukishafika ndani unaligeuza, na punje zinateremka kwenye mfereji mpaka kiganjani. Ncha iwe juu kidogo kuliko mkono wako, ama sivyo utangoja mpaka kesho. Ukishalichomoa, kwaruza tundu kwa ncha ile ile ili nyuzi za gunia zirudiane. Mkaguzi aliyeacha matundu wazi tulimjua kabla hatujamwona, kwa kufuata mahindi yaliyomwagika.

Ghala likiwa na magunia mia mbili na arobaini huwezi kuyafungua yote. Wenye njaa hawawezi kukungoja. Unatoboa ishirini na manne, yaani moja katika kila kumi. Unachokipata unakichanganya kwenye beseni, unakimwaga mkekani, unakigawa mafungu manne kwa ubao, unaondoa mafungu mawili yanayotazamana, unachanganya yaliyobaki na kuyagawa tena, mpaka ubakiwe na kiasi cha ngumi. Hapo unahesabu punje mia moja. Ukikuta tatu mbovu, unasema kwamba katika rundo zima, kila punje mia zina tatu mbovu. Kwetu sisi zikizidi tano mzigo hautoki. Ndiyo elimu yote hiyo, na mtu anaweza kuijua kwa asubuhi moja. Kuiogopa kunachukua muda zaidi.

Aliyenifundisha ni Mzee Nassoro, mkaguzi wetu mkuu, mtu mfupi, mkali, mwenye kupenda kunde kupita kiasi. Siku yangu ya kwanza alileta beseni la kunde nyeupe alizochanganya na nyekundu, akaniambia nichote ngumi moja nimwambie nyekundu ni sehemu gani ya zote. Nikahesabu, nikamwambia moja katika tano. Tukakaa tukazihesabu zote, kazi ya kutoa machozi, na ikawa moja katika tano kasoro chache. Nilifurahi mno. Nilijiona nimepewa macho ya kuona ndani ya vitu bila kuvifungua.

Akachukua beseni jingine. "Chota tena." Nikachota juu, nikahesabu. "Humu hamna nyekundu, mzee." Akalipindua beseni lile mkekani. Nyekundu zote zilikuwa chini, zimelala kimya.

"Kunde hazikukudanganya," aliniambia. "Wewe ulichota panapofikika kwa urahisi. Ngumi yako ilisema kweli juu ya pale ilipogusa, basi. Haikusema neno juu ya kwengine."

Kisha akazipika kunde zote na kula nyingi kuliko mimi. Nilicheka na kudhani nimeelewa.

Kwamba sikuelewa, ningeweza kujua mapema, kwenye harusi ya shemeji yangu kule Kinondo. Walinipa kazi ya kukisia wageni kwa sababu mimi ndiye bingwa wa hesabu. Nikapita nyumba kumi za kando ya barabara, nikauliza kila nyumba watakuja wangapi, nikapata kama watatu kwa kila nyumba. Nyumba za mtaa zilikuwa sitini, kwa hiyo nikasema mia na themanini. Za kando ya barabara zilikuwa za wazee watupu. Zile za ndani zilijaa watoto, na watoto wa Kinondo hawaachi pilau. Wajomba wa bwana harusi walikuta masufuria yanakwanguliwa, na mpaka walipokufa waliniita Bwana Nusu Sahani. Hiyo nayo nilicheka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Uhuru ulikuwa mpya. Msimamizi wa kizungu alikuwa ameondoka ghalani, na kabla ya kuondoka alitukabidhi funguo kwa uso uliosema kwamba anajua hatutaweza. Kila mmoja wetu aliuona uso ule. Mvua za bara zilikuwa zimekataa mara mbili, na huko Kinango watu walikuwa wameshauza mbuzi, wameshakula mbegu, wanachimba mizizi. Serikali ikaleta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Yalivuka Likoni kwa malori, yakaja kwenye ghala letu huku pwani, na sisi tukiyakagua yanapandishwa kugawiwa. Watu wa pwani hawakuyapenda, walisema yananuka na hayana utamu, lakini njaa haikuwapa nafasi ya kuchagua sana.

Ghalani walikuwako wanawake wanane wa kufagia na kupepeta. Mkubwa wao alikuwa Bi Mwanasha, mjane, mwanamke wa Kidigo mwenye sauti ya chini na mkono mwepesi kwenye uteo wake wa kupepetea. Na palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika: punje zinazoanguka chini mkaguzi anapotoboa ni za wanawake wale. Huzifagia, huzipepeta, jioni kila mmoja huenda na kibaba kasorobo amekifunga kwenye pindo la kanga. Hata msimamizi wa kizungu alilijua jambo hilo na alikuwa akitazama pembeni. Mwaka ule wa njaa, kibaba kile ndicho kilichokuwa chakula cha jioni katika nyumba nane.

Mimi nilikuwa kijana na moyo wangu ulikuwa laini. Nikajifunza kuuacha mkono utetemeke kidogo, punje zimwagike zaidi. Hilo lisingekuwa na madhara makubwa. Lakini pia niliona aibu kuwamwagia watu punje mbovu. Ukitoboa gunia lenye ukungu, kinachoanguka miguuni pa Bi Mwanasha ni ukungu, na yeye angeuokota vilevile, angeuosha, angewapa watoto. Kwa hiyo nikawa nachagua. Kabla ya kutoboa nilitazama gunia, nililigusa, nikipata lililo kavu, lenye kung'aa, la mbele karibu na mlango, ndilo nililolichoma. Sikujiambia kwamba nakosea. Nilijiambia kwamba mahindi yote ni yaleyale na kwamba walau hawa wale vizuri.

Wiki moja Mzee Nassoro alikuwa Mombasa kutibiwa jicho. Nilikagua rundo la magunia mia mbili na arobaini peke yangu. Nilitoboa ishirini na manne kama ilivyotakiwa, yote ya mbele na ya juu kidogo. Nikachanganya kwa bidii, nikagawa mafungu kwa usahihi, nikahesabu punje zangu mia. Mbili mbovu. Nikaandika daftarini kwa mwandiko mzuri: mbili kwa mia, mzigo utoke. Jioni ile wanawake walikwenda na kibaba kamili, na Bi Mwanasha aliniombea dua.

Kesho yake lori lilirudi nyuma hadi mlango wa ubavuni, makuli wakapakia magunia themanini kutoka nyuma, upande wa ukuta, likapanda Kinango.

Siku mbili baadaye lori la pili lilikuja. Kuli mmoja alikuwa amebeba gunia begani, akasimama, akalishusha taratibu.

"Saidi, njoo ulishike hili," aliniita. "Lina homa."

Nilidhani anatania. Nikaweka kiganja. Gunia lilikuwa la moto kama paji la mtoto mgonjwa. Nikalichoma bambo, na bambo halikuingia vizuri. Nikalisukuma, nikalichomoa, na kilichotoka hakikuwa punje moja moja, kilikuwa bonge lililoshikana, la kijani na jeusi, na harufu yake ilinikaa kooni. Nikatazama juu. Bati lilikuwa na ufa mwembamba juu ya ukuta, na ukuta ulikuwa na alama ya maji mpaka chini.

Nikatoboa magunia ishirini mengine, safari hii mbele, nyuma, juu, chini, kila moja nikiliweka peke yake bila kuchanganya. Matano yalikuwa mabovu. Robo. Hesabu iliyofuata ilijifanya yenyewe kichwani, sikuweza kuizuia. Katika themanini yaliyokwenda, robo ni ishirini. Kila gunia hutoa debe tano, kila nyumba ilipewa debe moja. Nyumba mia moja. Na hiyo robo ilikuwa hesabu ya kujifariji, kwa sababu yale themanini yote yalitoka upande wa ukuta.

Nawaambieni wanangu, nilifikiri kunyamaza. Nilikuwa peke yangu na daftari. Watu wa bara walikuwa wanakufa kwa njaa kila siku, nani angejua yupi amekufa kwa nini? Niliogopa kufukuzwa, niliogopa kufungwa, niliogopa uso wa yule msimamizi aliyeondoka. Nilipoinua macho, Bi Mwanasha alikuwa amesimama na uteo wake, ameliona lile bonge chini.

"Saidi," alisema, "lori la juzi lilikwenda wapi?"

"Upande wa Kinango, mama."

"Mejuma yuko huko."

Nilijua. Mejuma alikuwa binti yake wa pekee, ameolewa na Mduruma anayeitwa Mangale, ana mtoto wa miaka miwili, Umazi, ambaye bibi yake alimtaja ghalani kila siku.

Bi Mwanasha aliinama akaokota punje moja ya kijani, akaigeuzageuza. "Yale uliyotumwagia siku ile yalikuwa mazuri sana," alisema polepole. "Sikuona hata moja ya namna hii. Nilishangaa. Nikasema, huyu kijana ana mkono wa baraka."

Hakusema kwa ubaya. Nilimwona akifikiri, nikamwona akifika mwisho wa fikira yake, na kuanzia hapo hakunitazama.

Mzee Nassoro alikuwa amerudi jana yake, jicho moja limefungwa kitambaa. Nilimkuta nyumbani kwake akila.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona midomo imekukauka?"

Nikamweleza. Aliacha kula.

"Ulitoboa wapi?"

"Mbele, na juu kidogo."

"Nyuma?"

"Sikufika."

"Uvivu?"

Ningeweza kusema ndiyo, uvivu ungesameheka. Nikamwambia kuhusu wanawake na punje zao. Jicho lake moja lilinitazama.

"Ulikuwa unagawa chakula ama ulikuwa unakagua?" aliniuliza. "Mkono mmoja haufanyi yote mawili, Saidi. Wale wanane uliwaona. Wale wa Kinango hukuwaona, ndiyo maana." Akanawa. "Twende tukachague magunia arobaini mazuri. Kila moja tulitoboe mara tatu. Alfajiri tunaondoka."

Alfajiri Bi Mwanasha alikuwa ameshakaa juu ya magunia. Hakuna aliyemwambia aje, na hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke. Tulipanda Kwale, tukapita misitu ya Shimba, tukateremkia nchi kavu ambako vumbi liliingia mpaka kwenye meno. Njia nzima nilihesabu. Watoto wangapi katika nyumba mia? Wazee wangapi? Hesabu ilikuwa rafiki yangu tangu skuli, na siku ile ilikuwa inanitesa. Ilijua kuniambia ni nyumba ngapi. Haikuweza kuniambia ni zipi.

Tulifika mahali mgao ulipofanyika. Karani wa chifu, mtu mpole aliyekonda mpaka shati likawa kubwa, alitupokea. Tukaanza kupita nyumba za karibu. Nyumba ya kwanza, debe safi. Ya pili, safi. Ya tatu, ya nne. Tulipomaliza ya kumi hatukuwa tumeona punje moja ya kijani, na mimi nilikuwa nahisi pumzi inanirudia kifuani.

"Kumi katika kumi, mzee," nilimwambia Mzee Nassoro. "Pengine mabovu yote yalibaki ghalani."

Hata yeye alitingisha kichwa kukubali, kwa matumaini. Aliyekataa alikuwa Bi Mwanasha.

"Hawa wako karibu," alisema, akimwuliza karani na si mimi. "Lori lilipofika, hawa si ndio waliokuwa wa kwanza?"

"Ndiyo, mama. Walikuwapo kabla lori halijasimama."

"Na walipewa tu, ama walichagua?"

Karani alitazama chini. "Walichagua, mama. Gunia likinuka waliliruka. Nisingeweza kuwakataza."

"Na wale waliokuja mwisho?"

"Wale wa ng'ambo ya mto walifika jua limeshakuwa kali. Walichukua yaliyobaki."

Nilikuwa nimefanya tena kosa lile lile, siku ya nne baada ya lile la kwanza, na mashahidi wamesimama pembeni yangu. Kunde nyekundu zilikuwa chini ya beseni, na mimi nilikuwa nachota juu.

Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Lori halikuweza kuvuka, tukavuka kwa miguu. Katika nyumba tano za kwanza za ng'ambo, tatu zilikuwa na debe bovu. Katika tano zilizofuata, nne. Watu walikuwa wameyaosha, wameyaanika, wameyatwanga. Mama mmoja alilikumbatia debe lake nilipotaka kulichukua. "Ukiniondolea hili nitakula nini?" aliniuliza. Nikamwambia debe kwa debe, mama, linakuja zuri. Hakuniamini mpaka alipoona makuli wanavuka mchanga na gunia begani. Karani akatuma vijana wa mbio kila upande kwamba mtu asipike, kila mtu alete debe lake mtoni.

Katika nyumba moja tulikuta matanga. Mzee wa pale alikuwa amezikwa siku iliyotangulia. Nikauliza alikuwa anaumwa nini. "Njaa," walisema. Nikauliza debe liko wapi. Walinionyesha, na lilikuwa bovu. Mzee yule alilila ama hakulila? Alikuwa amekonda mno kabla ya lori kufika? Kila mtu alinijibu lake. Nimeishi na swali hilo miaka sitini na halijanipa jibu.

Nyumba ya Mangale ilikuwa ya mwisho kabisa. Bi Mwanasha alitangulia, na kwa umri wake alitembea mbio kiasi kwamba nilibaki nyuma. "Hodi," aliita, na sauti haikuwa yake. Mejuma alitoka akiwa amembeba Umazi. Alifurahi, akataka kumwamkia mama yake, kisha akaona nyuso zetu.

"Mtoto ana nini?" Bi Mwanasha aliuliza.

"Anatapika tangu jana, mama. Nadhani ni jua."

"Umempa nini?"

"Uji wa mahindi ya serikali. Yalikuwa na ukungu kidogo, nikayaosha vizuri."

"Na wewe umekula?"

"Mimi nilimwachia yeye," Mejuma alisema. "Nilisema ashibe kwanza yeye."

Bi Mwanasha alimgeuza mtoto uso kwenye mwanga, akamfunua ukope kwa kidole. Weupe wa jicho ulikuwa wa manjano. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bambo mkononi, sijui kwa nini nilikuwa nimelibeba mpaka pale, na nilitamani ardhi inimeze. Mejuma alikuwa amefanya kile nilichofanya mimi, kumwekea mtu anayempenda chakula chote, tofauti ni kwamba yeye hakuwa na njia ya kujua.

Nilimbeba Umazi kuvuka mchanga hadi kwenye lori. Alikuwa mwepesi mno. Tulipakia na wengine saba waliokuwa wanatapika, tukateremka hospitali ya pwani bila kusimama. Mzee Nassoro alibaki kubadilisha madebe, na kabla sijaondoka alinishika bega.

Siku tisa nilikwenda hospitali kabla ya kazi na baada ya kazi. Nilisimama dirishani, sikuthubutu kuingia. Nilikuwa nikimtazama Bi Mwanasha akiwa amekaa kando ya kitanda, nikijaribu kusoma mgongo wake. Mgongo ukiwa umeinama niliogopa. Ukiwa umenyooka niliogopa pia, nikidhani wameshamwambia. Siku ya kumi nilisikia mtoto analia kwa hasira akitaka maji, kilio cha nguvu, nikakaa chini palepale nje ya ukuta nikalia. Umazi alipona. Wale saba walipona pia. Mimi niliandika taarifa yote kwa mkono wangu, bila kuficha, nikangoja kufukuzwa. Hawakunifukuza. Mzee Nassoro alisema mkaguzi aliyeogopa hivi ni adimu, na kwamba itachukua miaka kumtengeneza mwengine.

Siku hizi mna mashine. Nilionyeshwa moja kabla sijastaafu, unaitia punje na inakuambia unyevu kwa namba. Ni nzuri, naisifu. Lakini inajua zile ulizoitia tu. Gunia lipi zimetoka, umelifikia vipi na kwa nini ukaliacha jirani yake, mashine haiulizi. Hilo mjiulize wenyewe, na mkipata jibu linalowafurahisha, mpande nyuma ya rundo mkaangalie tena. Yule kijana wa juzi nilimshushisha magunia yote thelathini, na ameondoka amenuna.

Bi Mwanasha alirudi kazini mtoto alipotoka hospitali. Nilimkuta asubuhi amesimama karibu na rundo jipya, uteo mkononi. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba kama siku zote. Nikachukua bambo, nikasimama mbele ya magunia nisijue pa kuanzia, mkono unatetemeka kwelikweli safari hii. Akaniangalia, kisha akanyoosha kidole mpaka nyuma kabisa, chini, pale ukutani.

"Toboa lile," alisema.

Nikapanda, nikateremka upande wa pili, nikalala kifudifudi kwenye vumbi, nikalitoboa. Punje zikamwagika nyingi. Yeye akazunguka akaja, akazifagia zote, akazipepeta taratibu mpaka zikawa safi. Wale wenzake saba waliendelea na desturi yao, na hakuna aliyewalaumu. Yeye alifungua mdomo wa gunia kwa vidole, akazirudisha ndani, na kwa miaka kumi na minne tuliyofanya kazi pamoja baada ya hapo hakupeleka tena nyumbani punje iliyoanguka kutoka mkononi mwangu.